Ndege ya Mabawa Mawili Iliyokataa Kutulia Hewani

Ndege ninayoisimulia hapa ni ya rimoti, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na niliinunua ikiwa imeshatumika kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama Dar es Salaam. Bawa la juu lina urefu wa sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha, la chini sentimita 110, na kila moja lina upana wa sentimita 18. Pamoja na betri yake, ndege nzima ina uzito wa kilo 1.8. Mifupa yake ni ya mbao nyepesi ya balsa, ngozi yake ni plastiki nyembamba inayokazwa kwa joto la pasi, na mabawa yameshikanishwa kwa nguzo na waya. Kwa macho ilikuwa nzima na ya kupendeza, lakini hewani ilikuwa taabu. Ilipoongezewa nguvu iliinua pua na kutaka kupanda wima; ilipopunguza mwendo ili itue, bawa la kushoto lilianguka ghafla; na katika kona pua yake ilitoka nje kwanza kabla ya kufuata upande ilioamriwa.

Nimeamua kuandika namna kasoro hizo zilivyotafutwa na kuondolewa kwa sababu ndege za aina hii ni chache hapa kwetu, na wengi wanaozipata huziacha darini baada ya majaribio mabaya, wakiamini kwamba ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Ndege ya mabawa mawili iliyopangwa sawasawa huruka kwa upole sana, tena kwa mwendo mdogo unaompa rubani nafasi ya kufikiri. Ila haina uvumilivu kwa kasoro ndogo za pembe, kwa kuwa ina vipande vinne vya bawa vinavyotakiwa kukubaliana, na hewa inayopita kwenye bawa moja huathiri ile inayopita kwenye lingine. Waya na nguzo nazo zinaweza kulinyoosha bawa au kulipinda, kutegemea mkono uliozifunga.

Kazi ilianzia kwenye daftari. Kabla ya kugusa chochote niliandika mahali kila trimu ya rimoti ilipokuwa imeachwa na mwenyewe wa kwanza. Trimu ni vile vitufe vidogo vinavyosogeza usukani kidogo ili ndege iende sawa bila rubani kushikilia mkono, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyoficha maradhi mengi kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Trimu ya eleroni, vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia, ilikuwa imevutwa kushoto karibu nusu ya nafasi yake, na ya elevata, kipande cha mkia kinachoinua au kushusha pua, ilikuwa imesukumwa chini vilevile. Mtu angeweza kuziona kama marekebisho ya kawaida. Mimi nilizisoma kama ushahidi: kuna kitu kilichokuwa kikiilaza ndege hii kulia, na kuna kitu kilichokuwa kikiinua pua yake, na mwenyewe alikuwa amevizuia vyote viwili bila kuvitafuta. Baada ya kuandika, nilizirudisha zote katikati na kurefusha au kufupisha fimbo za sevo, zile mota ndogo zinazosogeza usukani, hadi kila kipande cha usukani kikakaa mstari mmoja na bawa lake.

Katika hatua hiyohiyo nilikagua uimara wa fimbo zenyewe. Rimoti ikiwa imewashwa, nilimwomba mpwa wangu aishike ndege huku nikisukuma kila usukani kwa kidole, kama hewa inavyousukuma ndege ikiwa mbioni. Elevata ilisogea ingawa sevo haikusogea hata kidogo. Waya wa kuivuta ulikuwa mwembamba na ulipinda katikati ya bodi, hivyo nikaweka fimbo ya kaboni mahali pake. Tundu moja la kishikizo ambacho fimbo ya eleroni hufungwa lilikuwa limelika, nikalibadilisha. Hayo hayakuchukua muda.

Kilichofuata ni kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapojisawazisha ikining'inizwa, na hapa ndege ya mabawa mawili humchanganya mtu aliyezoea ile ya bawa moja. Bawa la juu la ndege hii limetangulia mbele ya la chini kwa sentimita 5, kwa hiyo haitoshi kupima kutoka ukingo wa mbele wa bawa moja na kuchukua robo au theluthi ya upana wake. Ni lazima mabawa yote mawili yahesabiwe kama bawa moja la wastani. Kwa kuwa maeneo yao yanakaribiana, ukingo wa mbele wa bawa hilo la wastani uko sentimita 2.5 nyuma ya ukingo wa bawa la juu. Asilimia 25 hadi 30 ya upana wa sentimita 18 ni sentimita 4.5 hadi 5.4. Ukijumlisha, kitovu kinapaswa kuwa kati ya sentimita 7 na 7.9 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa la juu. Mafundi wengine hupima kutoka ukingo wa mbele wa bawa la juu hadi ukingo wa nyuma wa bawa la chini, ambao hapa ni sentimita 23, kisha huchukua theluthi moja. Njia hiyo inatoa sentimita 7.6 au 7.7, na kukubaliana huko kwa njia mbili kulinipa imani.

Kuipima si rahisi kwa vidole, kwa sababu mikono haifiki vizuri chini ya bawa la juu. Niliifunga kamba mbili kwenye bawa hilo, moja kila upande wa bodi, katika alama ya sentimita 7.6, nikaining'iniza kwenye kenchi ya kibaraza. Mkia ulishuka mara moja. Kitovu halisi kilikuwa sentimita 9.3, yaani ndege ilikuwa nzito nyuma kiasi cha kuielezea ile trimu ya elevata iliyosukumwa chini. Betri ilisogezwa mbele hadi ikagusa ukuta wa mota, lakini haikutosha, kwa kuwa ndege za umbo hili zina pua fupi. Ndege halisi za zamani, kama Sopwith Camel iliyoingia vitani mwaka 1917, zilibeba injini nzito puani; mota ya umeme ni nyepesi mno kushika nafasi ya injini kama ile. Nilinunua chubwi za risasi pale Feri, zile wanazotumia wavuvi, nikazifunga gramu 90 hivi chini ya mota. Kuna wanaochukia kuongeza uzito usiofanya kazi nyingine yoyote. Nawaelewa, lakini ndege nzito kidogo inayotii ni salama kuliko nyepesi inayoyumba.

Sasa nifike kwenye bawa la kushoto, ambalo ndilo lililonifunza zaidi.

Nilikuwa nimelitazama bawa hilo mara nyingi kutoka nyuma na kutoka mbele bila kuona kitu. Aliyenifungua macho ni fundi seremala wa Keko, mzee anayetengeneza makabati, ambaye nilimpelekea ndege anichongee kipande kidogo cha mkia. Nilipomweleza tatizo alicheka kwa upole, akasema, “Jicho linazoea, mwanangu. Kabati tunalivutia kamba kona kwa kona. Kamba zikipishana, ujue limekwenda upande, hata kama wewe unaliona limesimama.” Nikamwambia, “Nimekuelewa, mzee wangu,” naye hakuniacha niondoke mpaka tulipoipima ndege palepale juu ya meza yake. Tulichomeka pini katikati ya mwisho wa mkia, tukavuta uzi hadi kila ncha ya bawa. Nyuzi za bawa la juu zililingana, na za chini nazo zililingana. Kwa hiyo mabawa hayakuwa yamekaa upande ukiyatazama kutoka juu. Akaagiza aletewe pimamaji yake ya kidijitali, akasema, “Basi tafuta mpindo.”

Pimamaji niliiweka juu ya rula iliyogusa ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa bawa kwa wakati mmoja, na bawa la mkia ndilo lililofanywa sifuri. Bawa la juu lilisoma digrii 1.5 kila mahali, kushoto na kulia. Bawa la chini, karibu na bodi, lilisoma nusu digrii pande zote mbili. Nchani kulia ilikuwa bado nusu digrii. Nchani kushoto ilikuwa digrii 2.5.

Digrii mbili ni kitu kidogo kwa macho, lakini maana yake hewani ni kubwa, na inafaa nieleze kwa nini. Bawa lenye pembe kubwa zaidi hubeba zaidi likiwa na mwendo, kwa hiyo ncha ile ya kushoto ilikuwa ikiinuka na kuilaza ndege kulia. Ndiyo sababu mwenyewe wa kwanza alivuta trimu ya eleroni kushoto. Kwa mwendo wa kawaida trimu ile ilishinda, na ndege ikaonekana sawa. Lakini pembe kubwa ndiyo pia inayofikia kikomo mapema. Ndege inapopunguza mwendo huinua pua ili iendelee kubebwa, pembe ya kila kipande cha bawa huongezeka dhidi ya hewa, na kile kilichokuwa kimetangulia ndicho kinachoachwa na hewa kwanza. Ncha iliyokuwa ikibeba kupita kiasi inakuwa ya kwanza kuacha kubeba. Bawa linaanguka kushoto, tena katika urefu mdogo wakati wa kutua, ambapo hakuna nafasi ya kuliokoa. Trimu haikuwa na uwezo wowote juu ya hilo. Ilikuwa imeficha dalili moja na kuiacha ile ya hatari.

Kuna jambo la ziada kwa ndege ya mabawa mawili. Bawa la juu likiwa mbele na likiwa na pembe iliyozidi ya la chini kidogo, hilo ndilo linalotakiwa kuachwa na hewa kwanza, kwa sababu pua hushuka yenyewe, ndege hupata mwendo tena, na bawa la chini lenye eleroni huendelea kutii. Mafundi hutofautiana juu ya kiasi cha tofauti hiyo, na sidai kwamba digrii moja ni sheria kwa kila ndege. Ila ncha ya chini ya kushoto ilikuwa na digrii 2.5 dhidi ya 1.5 ya bawa la juu, kwa hiyo mpango wote ulikuwa umepinduliwa upande mmoja.

Chanzo kilipatikana kwenye nguzo. Nguzo ya nyuma ya kushoto ilikuwa imewahi kuvunjika na kuwekwa nyingine, na hiyo mpya ilizidi mwenzake wa kulia kwa milimita 4. Nguzo ya mbele na ya nyuma zimeachana sentimita 10. Milimita 4 katika umbali huo ni zaidi kidogo ya digrii 2, karibu sawa na nilichopima. Kwa kuwa mti wa ndani wa bawa la juu ni mnene, lile la chini ndilo lililokubali kupinda. Nilichonga nguzo nyingine kwa kuifuatisha ile ya kulia. Hata hivyo bawa halikurudi lenyewe, kwa sababu plastiki yake ilikuwa imeshajikaza katika hali ya kupinda. Ilibidi mpwa wangu alishike na kulisokota upande wa pili kupita kiasi kidogo, nami nipitishe pasi yenye joto la wastani juu na chini hadi plastiki ilegee na kujikaza upya, kisha tungoje ipoe kabisa kabla ya kuliachia. Tulirudia, tukipima kila mara, hadi ncha zote mbili zikasoma nusu digrii.

Waya za zamani zilikuwa kamba za mpira, za kupendezesha tu. Nilizitoa na kuweka waya laini wa chuma, ule ambao wavuvi huufunga juu ya ndoana ili samaki wenye meno wasiukate mshipi. Ushauri wangu kwa yeyote atakayefanya hivyo ni kwamba azikaze pimamaji ikiwa juu ya bawa, kidogo upande huu na kidogo upande ule, kwa sababu waya ulioupita mwenzake kwa mzunguko mmoja wa skrubu unaweza kuurudisha mpindo uliotoka kuondolewa.

Majaribio yalifanyika upande wa Kigamboni, katika uwanja wa wazi ulio mbali na nyumba, na kwa kufuata taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kuwa jiji letu lina uwanja mkubwa wa ndege na anga lake si la kuchezewa. Tulikwenda alfajiri. Upepo wa bahari huamka jua likishapanda, na ukiwa umeamka huwezi tena kutofautisha kasoro ya ndege na msukumo wa upepo. Kanuni niliyoshikilia ni kubadili kitu kimoja tu kati ya mruko na mruko, na mpwa wangu akaandika anachokiona kabla sijamwambia ninachokihisi mkononi. “Mjomba, sasa imeshuka pua tu, haikulala,” aliniambia nilipoizimia mota juu sana na kuivuta elevata taratibu hadi mwendo ukaisha. Nilikuwa nimehisi hivyohivyo.

Kuinua pua kulikuwa kumepungua lakini hakukuisha. Hapa kuna sababu mbili zinazofanana sura, na inafaa kuzitenganisha. Kwa kitovu cha uzito nilitumia jaribio la mbizi: ndege ikiwa juu na imenyooka, niliishusha pua hadi nusu ya wima, nikapunguza nguvu na kuachia usukani. Ndege nzito nyuma huzidisha mbizi. Nzito mbele hujivuta juu kwa nguvu. Yangu ilirudi juu polepole, jambo lililonionyesha kwamba chubwi zilikuwa zimefanya kazi yake. Jaribio la pili lilikuwa la mota: nikiwa katika mwendo wa kawaida, ndege ikienda sawa, nilikata nguvu ghafla. Pua ilianguka papo hapo, kabla mwendo haujapungua. Maana yake ni kwamba mota ndiyo iliyokuwa ikiishikilia pua juu. Katika ndege hii hilo halishangazi, kwa sababu bawa la juu na nguzo zake hukinzana sana na hewa juu ya mstari wa mota, na kadiri mota inavyovuta chini ya ukinzani huo ndivyo pua inavyoinuka.

Dawa yake ni kuielekeza mota chini kidogo. Skrubu za mota yangu zimeachana milimita 30, kwa hiyo washa, yaani kipete bapa cha chuma, ya milimita 1 nyuma ya skrubu mbili za juu huinamisha ekseli karibu digrii 2. Nilianza na hiyo, nikaruka, nikaongeza nusu milimita, nikaruka tena, na pua ikatulia. Kwa njia hiyohiyo niliielekeza kulia digrii 2, kwa sababu propela inayozunguka kwa mwendo wa saa, ukiitazama kutoka nyuma, huivuta ndege kushoto inapopanda kwa nguvu nyingi.

Ilibaki ile tabia ya pua kutoka nje katika kona, ambayo ni ya asili kwa ndege hizi. Eleroni inayoshuka huongeza mnyanyuo, lakini pia huongeza ukinzani upande huo, na pua huvutwa huko. De Havilland Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, ina eleroni kwenye mabawa ya chini tu kama hii yangu, na ilitengenezwa hivi kwamba eleroni inayopanda husogea sana na inayoshuka husogea kidogo tu. Nami nilifanya hivyo kwa kuuegemeza mkono wa kila sevo badala ya kuusimamisha wima, mpaka eleroni ikawa inapanda milimita 14 na kushuka milimita 7. Kilichobaki nakimaliza kwa usukani wa mkia, kidole cha kushoto kikianza kona pamoja na cha kulia. Rimoti inaweza kuuchanganya usukani huo na eleroni yenyewe, lakini napendelea mkono ujue kazi hiyo, hasa kwa kutua penye upepo wa ubavuni.

Joto la Dar es Salaam lina sehemu yake katika haya yote. Plastiki ya rangi nyeusi au nyekundu ikikaa juani au ndani ya gari lililofungwa hulegea na kujikaza bila mpangilio, na balsa hunyonya unyevu wa pwani, hivyo bawa lililosoma sawa jana linaweza kusoma tofauti leo. Naisafirisha ndege ikiwa imefunikwa shuka jeupe, na pimamaji husafiri nayo. Hewa ya nyuzi 32 nayo ni nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ile ya nyuzi 15 ambayo vipimo vingi vya ndege huihesabu, kwa hiyo ndege huhitaji mwendo mkubwa kidogo ili ibebwe. Mabawa mawili na waya zake huua mwendo upesi mno mota ikizimwa. Naishusha nikiwa bado na nguvu kidogo, na kuikata magurudumu yakiwa karibu na nyasi.

Juu ya ardhi bado inapenda kukwepa kushoto inapoanza kukimbia. Nimeyaelekeza magurudumu ya mbele ndani kidogo, na naongeza nguvu polepole huku usukani wa mkia ukiwa kulia hadi mkia unapoinuka. Kwa upepo wa kaskazi inakwenda sawa. Kusi ikianza nitajaribu gurudumu la mkia lenye springi ngumu zaidi, na hilo litabadilishwa peke yake, bila kugusa kitu kingine.